Breki Zinazokwisha Kabla ya Wakati: Ziulizeni Pedi Kwanza

Ndugu Wanachama,

Nataka kueleza leo jambo lililotugharimu fedha, na karibu litutie katika dhuluma. Nalo ni breki za pikapu yetu ya chama, ile ichukuayo magunia ya karafuu kutoka mashambani.

Mwakumbuka kwamba msimu uliopita tulinunua pedi za mbele mara tatu. Pedi za gari linalotumiwa kwa kiasi hudumu makumi ya maelfu ya kilomita. Zetu hazikufika 6,000. Halmashauri ilikaa, ikasema kwamba dereva ana mguu mzito. Mimi mwenyewe ndimi niliyeandika barua ya kumkata mshahara kwa pedi za mara ya tatu. Dereva alijibu neno moja tu: "Bwana Katibu, gari lavuta upande." Hatukumsikiliza.

Mwezi uliofuata nilikwenda Kigoma kuwatazama wakulima wa michikichi, namna wakamuavyo mawese na kuyauza kwa pamoja. Nilipanda gari la moshi Dar es Salaam nikashukia mwisho wa reli, reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Wenyeji wangu wana pikapu kama yetu. Siku nyingine hupakia mikungu ya michikichi vilimani, na siku nyingine hushuka Kibirizi, hata kwenye mchanga wa ufukweni, kuchukua dagaa wanaoletwa na mitumbwi.

Siku moja tulikuwa tukiteremka kutoka Kalinzi, nchi ya kahawa, kuja Mwandiga. Ziwa Tanganyika lenyewe liko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na milima ya Kalinzi iko juu zaidi ya ziwa kwa mita mia kadhaa. Mteremko wote huo sharti uzuiwe, ama kwa injini ama kwa breki. Hatujafika Mwandiga nikasikia harufu kali kama ya kitambaa kinachoungua. Dereva alisimamisha gari penye tambarare. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa likitoa moshi, na la kushoto lina joto kidogo tu. Hatukulimwagia maji, kwani diski yenye moto ikimwagiwa maji yaweza kupinda au kupasuka. Tulingoja ikapoa, kisha tukaenda polepole kwa gia ndogo hadi Ujiji kwa fundi mmoja mzee.

Fundi alizitoa pedi zote nne za mbele, akazipanga juu ya gunia kwa mpango zilivyokaa garini: za kulia kulia, za kushoto kushoto, ya ndani na ya nje. Wenye gari walikuwa wamekwisha kuanza kumgombeza dereva wao. Mzee akawaambia, "Wanangu, ziulizeni hizi kwanza, dereva mtamwuliza baadaye."

Tatu kati ya zile nne zilikuwa nzima zaidi ya nusu. Moja tu, ya ndani upande wa kulia, ilikuwa imeliwa mpaka chuma. Mguu wa dereva hubana magurudumu yote kwa pamoja. Hauwezi kuchagua pedi moja ukaacha nyingine. Kwa hiyo kosa lilikuwa la gari.

Hapa ndipo somo letu lilipo. Namna pedi zilivyolika ndiyo inayosema ugonjwa uko wapi. Tafadhali someni haya na kuyahifadhi.

Kwanza, pedi moja ya gurudumu imekwisha na mwenziwe nzima. Katika magari mengi kalipa, yaani kile chuma kinachoshika pedi, huteleza juu ya pini mbili. Pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa huteleza na kuivuta ya nje. Pini zikishika kutu, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani hubaki ikisuguana na diski peke yake. Tazameni pini na vifuniko vyake vya mpira, kisha pistoni. Magari mengine yana pistoni pande zote mbili, wala hayana pini hizo. Katika hayo tafuteni pistoni iliyokwama.

Pili, pedi zote mbili za gurudumu moja zimekwisha, na za upande wa pili nzima. Yamkini mafuta ya breki yamefungika, hayarudi baada ya mguu kuondoka. Mara nyingi sababu ni bomba la mpira lililovimba kwa ndani, ingawa kwa nje laonekana zima.

Tatu, pedi za mbele zimekwisha upesi kulia na kushoto sawasawa, lakini breki za nyuma hazijalika hata kidogo. Ni kawaida za mbele kutangulia, kwa sababu gari likifunga breki uzito huja mbele. Lakini ikiwa za nyuma ni kama mpya, basi hazifanyi kazi. Huenda hazikukazwa, au ile valvu ipimayo mzigo, iliyo karibu na ekseli ya nyuma, imekwama.

Nne, za nyuma zimekwisha kabla ya za mbele. Tazameni waya wa breki ya mkono. Huenda haurudi, au dereva husahau kuiachia.

Tano, magurudumu yote yamekwisha upesi kwa pamoja. Hapa kwanza tazameni kama pedali ina nafasi ndogo ya kucheza kabla haijaanza kusukuma masta silinda. Ikiwa nafasi ipo, ndipo mtakapotazama uzito wa mzigo, aina ya pedi zilizonunuliwa, na mwisho mguu wa dereva.

Jaribio la fundi yule kila mwanachama aweza kulitazama likifanywa. Gari liwekwe penye tambarare, magurudumu mengine yatiwe kabari, kisha lile gurudumu liinuliwe kwa jeki na gari likalishwe juu ya stendi imara. Mtu akanyage breki na kuachia. Gurudumu likigoma kuzunguka, fundi afungue kidogo nati ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa jepesi, basi mafuta yalifungika. Likiwa bado zito, basi kalipa au pistoni imekwama. Jaribio likiisha, hewa itolewe yote na mafuta yaongezwe kabla gari halijarudi njiani.

Gari la Kigoma ugonjwa wake ulikuwa ule wa kwanza. Kifuniko cha mpira cha pini kilikuwa kimechanika, mchanga na maji ya ufukweni vikaingia, grisi ikatoka, kutu ikakaa. Mzee alisafisha pini, akabadili vifuniko, akatia grisi ya breki isiyoyeyuka kwa joto. Alituonya tusitie grisi yo yote tu, wala mafuta ya injini, wala mawese, kwani huvimbisha mipira ya breki. Vile vile alitukataza kupuliza vumbi la breki kwa mdomo. Lafutwa kwa kitambaa chenye maji, maana baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto, nayo hudhuru mapafu.

Nilipokuwa nikimtazama mzee yule, moyo wangu ulikuwa huku kwetu. Maji ya Tanganyika ni matamu, nayo yamefanya hivyo. Je, maji yetu ya chumvi?

Niliporudi nilimwita dereva wetu na fundi, tukazitoa pedi mbele ya wanakamati watatu na kuzipanga juu ya gunia kama nilivyoona Ujiji. Pedi ya ndani ya kushoto ilikuwa imeliwa, nyingine tatu nzima. Pini moja ilitoka kwa nyundo. Katika mara zile tatu tulizonunua pedi, hakuna aliyeitazama pini hiyo. Tulikuwa tukitupa pedi mbovu bila ya kuzisoma.

Halmashauri imeamua kumrudishia dereva fedha zake zote, nami nimemwandikia barua ya pili ya kumtaka radhi. Natangaza hapa kwa kuwa barua ya kwanza ilisomwa mbele ya watu.

Tangu sasa tufuate desturi hizi. Pedi zitazamwe kila mwezi wakati wa msimu, na zibadilishwe zikibaki milimita 3. Zikitolewa, zisitupwe mpaka Katibu au mwanakamati azione zimepangwa. Pini zisafishwe kila pedi zinapobadilishwa. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, kwa sababu hunywa unyevu wa hewa. Mafuta yenye maji huchemka upesi mteremkoni, na pedali ikazama bila ya kushika kitu. Na dereva ashuke kilima kwa gia ile ile ambayo angeipandia.

Nasi wenye magunia tuna sehemu yetu. Uzito wote wa gari pamoja na mzigo ukiongezeka, joto la breki huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Lakini mwendo ukizidi mara mbili, joto la kusimamisha gari huzidi mara nne. Basi tusimhimize dereva akimbie kwa kuwa mizani yakaribia kufungwa, kisha tumlaumu kwa pedi.

Dereva akisema gari lavuta upande, asikilizwe siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na breki zikikataa mteremkoni, hakuna fedha ya chama itakayotosha kulipa.

Wassalaam.

Katibu wenu