Kunukuu na Kutohoa: Uhamishaji wa Mchezo wa Zamani ndani ya Mchezo Mrithi

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza namna maudhui ya mchezo wa mkakati wa kompyuta yanavyotolewa katika mchezo wa zamani na kutiwa katika mchezo ulioufuata, yakiwa nyongeza ya huo wa pili. Mfano unaochambuliwa ni Return of Rome, nyongeza iliyotolewa mwezi Mei 2023 kwa ajili ya Age of Empires II: Definitive Edition. Kwa kawaida nyongeza huuendeleza mbele mchezo ilimotiwa. Nyongeza hii ilirudi nyuma: iliuchukua mchezo wa kwanza wa mfululizo huo, Age of Empires wa mwaka 1997, na kuuweka ndani ya mrithi wake, ambaye asili yake ni ya mwaka 1999.

Ni rahisi kulieleza tendo hilo kwa kitenzi "kuhamisha", kana kwamba maudhui ni vyombo vinavyotolewa nyumba hii na kupelekwa nyumba ile. Hoja ya makala hii ni kwamba maelezo hayo hayatoshi. Uhamishaji huo una michakato miwili iliyo tofauti, ambayo mwanaisimu anaitambua vema: kunukuu na kutohoa. Asiyeitenganisha hawezi kusema ni kipi kilichohifadhiwa na ni kipi kilichobadilika.

2.0 Kete na Kanuni

Ferdinand de Saussure aliifananisha lugha na mchezo wa sataranji: thamani ya kila kete hutokana na uhusiano wake na kete nyingine, wala si umbo lake wala mti iliyochongwa. Msomaji wa Kiswahili anao mfano wa karibu zaidi. Bao la Kiswahili huchezwa kwa mashimo 32 na kete 64, na huanza kwa hatua ya namu, ambapo kete za akiba huingizwa moja moja kabla ya kufikia hatua ya mtaji. Bao la kujifunza hutumia ubao uleule na kete zilezile, ila kila shimo huanza na kete mbili na hatua ya namu haipo. Kwa macho, hakuna kilichopungua. Kwa mchezaji, ni mchezo mwingine.

Michezo miwili ya Age of Empires inahusiana kwa namna iyo hiyo. Yote iliundwa na Ensemble Studios, kampuni ya Marekani iliyofungwa mwaka 2009, kwa kutumia injini moja ya programu iitwayo Genie. Yote ina rasilimali nne: chakula, mbao, mawe na dhahabu. Aidha, katika yote mchezaji hupanda ngazi ya zama nne. Lakini zama za mchezo wa kwanza huanzia zama za mawe hadi zama za chuma, ilhali za mchezo wa pili huanzia mwanzo wa zama za kati hadi zama za dola kuu. Mchezo wa pili ulileta pia mipangilio ya vikosi na malango ya kuta, mambo yasiyokuwamo katika mchezo wa mwaka 1997. Msamiati, basi, unafanana kwa kiasi kikubwa. Sarufi ndiyo inayotofautiana.

3.0 Njia ya Kunukuu

Sehemu kubwa ya Return of Rome ni nukuu. Staarabu 16 za mchezo wa zamani, yaani 12 za mwaka 1997 pamoja na nne zilizoongezwa na nyongeza ya The Rise of Rome mwaka 1998, ziliwekwa katika uwanja wao wa pekee ndani ya programu ya mchezo wa pili. Ziliongezewa ustaarabu mmoja mpya, Lac Viet, na kampeni tatu mpya za kivita, zinazowahusu Sargon wa Akkad, Pyrrhus wa Epirus na Kaisari Trajan. Katika uwanja huo zama ni zilezile za kale, na majengo na majeshi hufuata utaratibu wa kale. Mchezaji hawezi kuwapambanisha Wasumeri wa uwanja huo na Waingereza wa mchezo wa pili, kama vile mwandishi asivyoweza kukinyambua kitenzi cha lugha ngeni kilichomo katika alama za mtajo.

Hata hivyo, nukuu nayo huandikwa kwa hati ya mwenyeji. Tungo za kale za Kiswahili zilizotolewa katika hati za Kiarabu na kuandikwa kwa hati za Kilatini zilibaki kuwa tungo zilezile, lakini tahajia sanifu haitofautishi *paa* la nyumba na *paa* wa mwituni, ingawa msemaji wa Kimvita huwatofautisha kwa mpumuo wa sauti ya kwanza. Msomaji asiyeijua lahaja hiyo hatambui kwamba kuna kilichopotea.

Ndivyo ilivyo kwa shamba katika Return of Rome. Katika mchezo wa mwaka 1997, shamba lililokwisha chakula lilitoweka, na mchezaji alilazimika kulikumbuka na kulijenga upya kwa mbao huku vita vikiendelea kwingineko. Katika uwanja mpya shamba linaweza kupandwa upya lenyewe, na vikosi vinaweza kujipanga kwa mistari kama vya mchezo wa pili. Jina la shamba halikubadilika. Lakini katika mchezo wa zamani uangalifu wa mchezaji ulikuwa rasilimali ya tano isiyoandikwa popote, na sehemu ya bei ya shamba ililipwa kwa rasilimali hiyo. Bei hiyo imeondolewa.

4.0 Njia ya Kutohoa

Mchakato wa pili unaonekana kwa Warumi. Hao peke yao walivuka kutoka uwanja wa nukuu na kuingia pia katika mchezo wa pili wenyewe, ambamo wanapambana na staarabu za zama za kati na kupanda ngazi ya zama za mchezo huo. Hali yao ni sawa na ya neno *kitabu*. Katika Kiarabu, silabi ya kwanza ya neno hilo ni sehemu ya shina. Kiswahili kiliisikia kama kiambishi cha ngeli, kikazaa wingi wa *vitabu*. Neno halikupokelewa tu. Lilichanganuliwa upya kwa sarufi ya mwenyeji.

Uchanganuzi huo uligusa hata maana. Katika mchezo wa zamani, lejioni ilikuwa daraja ya juu ya askari wa upanga, na haikuwa mali ya Warumi peke yao; ustaarabu wa Choson wa rasi ya Korea ulikuwa nayo, tena kwa askari wenye uhai mwingi kuliko wa wengine. Katika mchezo wa pili, askari wa lejioni ni wa Warumi tu. Hapa pametokea kile ambacho semantiki hukiita kubanika kwa maana. Neno lililotaja aina ya askari sasa linataja askari wa taifa moja. Mabadiliko haya si kosa. Sarufi ya mchezo wa pili huutambulisha kila ustaarabu kwa vikosi vyake maalumu, na Mrumi asiye na kikosi chake angekuwa kama nomino isiyo na ngeli.

5.0 Hoja Pinzani

Huenda ikadaiwa kwamba tofauti hizi ni ndogo, na kwamba mchezo usiochezwa umekufa. Afadhali uishi umebadilika. Dai hilo lina uzito. Vijana wengi hawatauvumilia mchezo ambao majeshi yake hupotea njia, na injini iliyoboreshwa huwapa sababu ya kuujua. Lakini dai hilo linahalalisha kuhamisha tu. Halihalalishi kuisahau asili. Return of Rome haichezeki bila kuumiliki mchezo wa pili, na ilipotolewa ilichukua baadhi tu ya kampeni za zamani. Mzazi amekuwa mpangaji katika nyumba ya mwanawe. Siku nyumba hiyo itakapofungwa, mpangaji naye atatoka. Atakayetaka wakati huo kuuchunguza mchezo wa 1997 kwa kupitia nyongeza hii pekee atausoma kupitia tahajia ya mwingine, bila kujua palipofutwa mpumuo.

6.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba maudhui ya mchezo hayahamishwi peke yake, kwa kuwa thamani yake imo katika kanuni zinazoyaunganisha. Yanaponukuliwa, kanuni hubaki lakini hati ya mwenyeji huzigusa. Yanapotoholewa, kanuni hubadilishwa na maana huzifuata. Istilahi ya "nyongeza" huificha tofauti hiyo. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba wachunguzi wa michezo ya kompyuta katika Kiswahili waseme "nyongeza nukuzi" na "nyongeza tohozi", na kwamba kila uchambuzi wa nyongeza ya namna hii uanze kwa kuyaorodhesha yale ambayo hati ya mwenyeji imeyabadilisha. Toleo la awali nalo halina budi kuhifadhiwa likiwa linachezeka, kama muswada unavyohifadhiwa hata baada ya kitabu kupigwa chapa.