Wafungwa Wasio na Mashitaka

Mtu akishitakiwa kuiba mbuzi kijijini, hupelekwa mbele ya wazee. Hapo jambo hutajwa waziwazi: mbuzi ni wa nani, alipotea siku gani, nani aliona. Mshitakiwa husikia neno analoshitakiwa, kisha hujibu. Akishindwa, hulipa, akishinda, hurudi nyumbani kwake na jina lake ni safi. Hata watoto wachungao mbuzi wanaifahamu desturi hiyo.

Lakini kuna kifungo cha namna nyingine. Askari huja usiku, humchukua mtu, wala hawataji kosa lake. Hapelekwi mbele ya hakimu. Mke wake akienda kuuliza gerezani, huambiwa hayumo, au huambiwa arudi kesho. Na kesho hiyo huwa mwezi, na mwezi huwa mwaka.

Jambo hili si geni. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 24 na ya 25, imeandikwa kwamba Paulo alikaa kifungoni Kaisaria miaka miwili, kwa kuwa liwali Felisi alitaka kuwapendeza wakubwa wa Wayahudi. Liwali aliyemfuata, Festo, alipaswa kumpeleka Paulo Roma, akaona haya. Alimwambia mfalme Agripa ya kuwa haifai kumpeleka mfungwa pasipo kuonyesha mashitaka yake. Festo hakuwa mkristu, wala hakuwa rafiki ya Paulo. Akili ya kibinadamu tu ilimtosha. Serikali nyingi za karne ya 20 zilikuwa na vitabu vya sheria vingi kuliko Festo, lakini haya ile hazikuwa nayo.

Mfano mmoja ni Afrika ya Kusini, wakati wa utawala wa apartheid, ambapo watu weusi walinyimwa kura na kutengwa katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1963 bunge la nchi ile lilitoa sheria iliyowapa polisi ruhusa ya kumfunga mtu siku 90 bila kumpeleka mbele ya hakimu. Siku 90 zikiisha, mfungwa aliweza kuachiliwa mlangoni mwa gereza na kukamatwa tena papo hapo. Ndivyo walivyotendewa Ruth First na Albie Sachs. Mwaka 1965 siku zikawa 180. Mwaka 1967 sheria nyingine ikaondoa hesabu ya siku kabisa: mtu aliweza kufungwa peke yake, bila wakili, bila kuonana na jamaa, hata polisi watosheke na majibu yake. Wengine hawakutoka wakiwa hai. Steve Biko alikufa mikononi mwa polisi mwezi wa tisa mwaka 1977, na daktari Neil Aggett, msaidizi wa wafanyakazi, mwezi wa pili mwaka 1982.

Kwa nini serikali yenye mahakimu wake na magereza yake iliogopa kumshitaki mtu? Kwa sababu mashitaka hudai ushahidi, na baraza la hukumu huwa na masikio ya watu wote. Kijana aliyekusanya wanafunzi wenzake, au mfanyakazi aliyedai mshahara wa haki, hakuwa na kosa ambalo hakimu angeweza kulisoma kwa sauti bila aibu. Afadhali kumficha.

Mwishoni mwa mwaka 1981, baada ya wanafunzi na viongozi wa wafanyakazi wengi kukamatwa, wazazi wao walikusanyika Johannesburg wakaunda kamati, iliyojulikana kwa herufi DPSC. Miongoni mwao walikuwa Max Coleman na mkewe Audrey, ambao mtoto wao alikuwa kifungoni. Hawakuwa na silaha wala mali nyingi. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuandika majina: nani amekamatwa, wapi, siku gani, nani alimwona mara ya mwisho. Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyouma kuliko hotuba. Kifungo cha siri huishi kwa sababu hakuna anayehesabu. Jina likiisha kuandikwa, wakili aweza kuliuliza, gazeti laweza kulichapa, askofu aweza kulitaja, na mtu wa nchi ya mbali aweza kumwandikia waziri barua akilitaja. Tena walipeleka nguo na chakula magerezani, wakatafuta mawakili, wakawaandalia wazazi chai ili wakae pamoja. Mama aliyetoka mbali, ambaye majirani walianza kumkwepa kwa hofu, alikuta hapo kina mama wengine wenye shida ile ile. Katika chai hizo alitumika sana David Webster, mwalimu wa chuo kikuu.

Neno lao lilikuwa moja: washitakiwe au waachiliwe. Hapo inafaa kuangalia vema, maana wengi hukosea. Hawakusema kwamba kila mfungwa ni mtu mwema asiye na kosa. Walisema kwamba kosa, kama lipo, litajwe mbele ya hakimu, naye mfungwa apewe nafasi ya kujibu. Anayedai hivyo hamtetei mwivi wala mwuaji. Anadai kile ambacho wazee humpa hata mwivi wa mbuzi.

Tarehe 12 mwezi wa sita mwaka 1986 serikali ilitangaza hali ya hatari katika nchi nzima. Kwa mwaka mmoja watu zaidi ya 20,000 walifungwa bila mashitaka, na wengi walikuwa vijana wasiotimiza miaka 18. Padri Smangaliso Mkhatshwa, katibu mkuu wa baraza la maaskofu wakatoliki wa nchi zile, alikamatwa mwezi ule ule, akafungwa muda wa mwaka. Aliandika kwa kiapo kwamba alisimamishwa saa 30, macho yamefungwa na mikono imetiwa pingu.

Ndipo likaja jambo ambalo lingechekesha kama lisingalikuwa la kuhuzunisha. Mwezi wa nne mwaka 1987 mkuu wa polisi alikataza watu wote wasiombe wafungwa waachiliwe: wasiandike, wasiseme hadharani, wasivae hata shati lenye maneno hayo. Kumfunga mtu bila mashitaka kulikuwa halali. Kuomba afunguliwe kukawa kosa! Wakristu wakauliza kama hata kuwaombea wafungwa kanisani ni kosa. Askofu mkuu Desmond Tutu, wa kanisa la Kianglikana, hakungoja jibu. Siku chache baadaye aliwaombea wafungwa hadharani katika kanisa kuu la Cape Town. Serikali ikarudi nyuma, ikasema sala haikukatazwa; na mwezi ule haujaisha, mahakimu wa Natal walifuta sehemu ya amri zile.

Mwezi wa pili mwaka 1988 kamati yenyewe ikakatazwa kufanya kazi. Wengine wakaendelea kuandika majina kwa njia nyingine.

Mwisho wafungwa wenyewe wakasema kwa njia iliyowabakia. Mwezi wa kwanza mwaka 1989, watu kama 20 katika gereza la Diepkloof, huko Johannesburg, walikataa kula hata waachiliwe. Habari ikapita kutoka gereza moja mpaka jingine, na mamia wakafuata. Wengi walidhoofika wakapelekwa hospitali. Hawakutaka kufa, walitaka kutoka, wala hawakuwa na kitu kingine cha kukataa isipokuwa sahani ya chakula. Viongozi wa makanisa walikwenda kwa waziri Adriaan Vlok wakampelekea neno lao. Waziri aliahidi kuwafungua wengi, na katika miezi iliyofuata mamia waliachiliwa, ingawa wengi waliwekewa masharti: kujionyesha kwa polisi kila siku, kutotoka nyumbani usiku.

David Webster hakuona mwisho. Tarehe 1 mwezi wa tano mwaka 1989 alipigwa risasi mbele ya nyumba yake, huko Johannesburg. Mwuaji, mtumishi wa kikosi cha siri cha serikali, alihukumiwa mwaka 1998, mbele ya hakimu, mashitaka yakisomwa na wakili akiwa upande wake.

Tarehe 2 mwezi wa pili mwaka 1990 kamati ya wazazi ilifunguliwa pamoja na vyama vingine vilivyokatazwa.

Maulizo
Festo aliona haya kwa sababu gani? Kwa nini jina lililoandikwa humsaidia mfungwa? Mtu akisema, «Mfungwa yule si wa kabila langu, wala si wa dini yangu», ajibiwe nini?