Leza juu ya jani la muhindi

Swali: Nalima mahindi na mbaazi Mutuka, Babati. Kweli leza hutambua ugonjwa bila kuchuma jani?

Jibu: Kweli. Mwanga ukigonga molekuli, sehemu ndogo mno hurudi ikiwa imebadilika rangi; mwanafizikia wa India C. V. Raman alionyesha hilo mwaka 1928. Kila molekuli huubadilisha kivyake, hivyo molekuli za mmea kama karotenoidi na lignini, ambazo ugonjwa huzibadilisha, husomeka ndani ya tishu mbichi, maji yasisumbue sana. Msumbufu hasa ni klorofili, kijani cha jani: hung'aa yenyewe na kuifunika ishara, ndiyo maana hutumika leza ya mwanga usioonekana, mathalani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 830. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, wamepima mahindi kwa kifaa cha mkononi. Bei? Si ya mkulima bado. Kwa sasa, muone afisa ugani.