SOMO LA MWEZI: MACHOZI SI UPENDO

Someni: 1 Wakorintho 12:12–26, Marko 10:46–52



Nyumbani kwetu hapa Utemini wengi hutazama filamu jioni. Akionyeshwa mtu mwenye ulemavu wa akili, tunalia. Kulia si dhambi. Lakini filamu hizo zinatufundisha nini juu yake?

1. Kwamba ni lazima awe na ajabu. Katika Forrest Gump (1994), kijana mzito wa akili anakuwa bingwa wa mpira wa meza, shujaa wa vita na tajiri. Hadithi inafurahisha. Je, yule aliyejifunza kwa taabu kufunga vifungo vya shati tu, thamani yake iko wapi?

2. Kwamba ni lazima apone. Katika filamu ya Kihindi Koi... Mil Gaya (2003), Rohit ana akili ya kitoto mpaka kiumbe kutoka anga za mbali anapomtia uwezo. Kiumbe akiondoka, uwezo unapotea. Lakini kabla ya filamu kwisha anarudishiwa. Ni kana kwamba hakuna mwisho mwema kwa mtu aliye kama alivyo.

3. Kwamba yupo ili kulainisha mioyo yetu. Katika I Am Sam (2001), wakili mwenye shughuli nyingi anajifunza upendo kwa Sam, baba mwenye ulemavu wa akili. Sam mwenyewe aliigizwa na Sean Penn, asiye na ulemavu huo. Waigizaji wawili wenye ulemavu walipewa nafasi ndogo za marafiki zake. Hata katika hadithi yao waliketi pembeni.

Neno la Mungu lasemaje? Mtume Paulo hatuambii tukionee huruma kiungo kinachodhaniwa kuwa dhaifu. Asema mwili unakihitaji. Naye Bwana Yesu, kabla ya kumponya Bartimayo, alimwuliza anataka nini. Hakumsemea.

Sasa tujitazame. Mama anapomleta mwanawe kanisani, naye akapaza sauti wakati wa mahubiri, sote tunageuza shingo. Jumapili ifuatayo anamwacha nyumbani. Je, ni yule yule tuliyemlilia jana mbele ya televisheni? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yataka mtoto wa namna hii apate elimu kama wenzake. Itakuwa aibu darasa la shule likimpokea na darasa la Kipaimara likimkataa.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika mtaa wetu ni nani anayefichwa ndani? Nani atakwenda kumwamkia kwa jina lake?
2. Ni kazi gani kanisani anaweza kupewa: kupanga vitabu, kupokea sadaka, kuimba?
3. Maneno kama “zuzu” na “taahira” yamo vinywani mwetu?

Tuombe
Ee Bwana, utusamehe machozi yasiyozaa tendo. Utufundishe kuketi pamoja na ndugu zetu, kuwasikiliza na kuwahitaji. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.