SOMO: MSINGI WA KAZI YA FUNDI WA NDEGE



Sisi wa Katana tumekomaa tukisikia ndege. Uwanja wa Kavumu uko karibu nasi, kwenye barabara ya Bukavu–Goma. Kwa miaka mingi ndege ndogo zilitoka pale na watu na mizigo ya Shabunda, fasi ambako barabara imekufa. Vita ilipofika kwenye uwanja ule mwezi wa 2, 2025, tulielewa zaidi kwamba ndege si kitu cha matajiri tu. Lakini mwanafunzi akiota kazi ya ndege, anaota kuwa rubani. Leo tuongee juu ya yule anayebaki chini: fundi anayeikagua na kuitengeneza.

1. Fundi wa ndege ni nani?

Ni mtu anayepima vipande, anabadilisha vilivyochoka, anaandika alichofanya, kisha anatia sahihi ili ndege iruke. Rubani hawezi kufungua injini yote mbele ya kila safari. Abiria naye hawezi hata kidogo. Wote wanategemea ile sahihi.

Ndiyo maana haitolewi ovyo. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga (OACI), lililotokana na Mapatano ya Chicago ya 7 Desemba 1944, linadai mtu awe na miaka 18 au zaidi, ashinde mitihani, na awe na mazoezi ya kazi ya miaka 4. Kama amemaliza kozi iliyokubaliwa na serikali, miaka 2 ya mazoezi inatosha.

2. Anaanza kujifunza nini?

Musifikiri anaanza na injini. Anaanza na hesabu, fizika, umeme, elektroniki, namna ndege inavyoshikwa na hewa, aina za chuma na kutu yake, matumizi ya vyombo, sheria, na tena udhaifu wa binadamu: usingizi, haraka, mazoea, kuona haya kuuliza. Ndiyo, hilo nalo ni somo lenye mtihani.

Kule Ulaya, kozi ya msingi ya fundi wa ndege kubwa za turbini inachukua saa 2400, na karibu nusu ni kazi ya mikono. Alama ya kupita ni 75%. Kwetu mtu akipata 50% kwenye Mtihani wa Serikali tunamwagia poda na kuimba barabarani! Kwa ndege, 50% ni kuanguka.

3. Mfano wa fizika

Tumesoma kwamba momenti ni nguvu mara urefu wa mkono. Fundi akivuta ufunguo wa meta 0,25 kwa nguvu ya Nyutoni 80, buloni inapata 80 × 0,25 = 20 Nm. Munajua garaji za moto: buloni ikikataa, wanaingiza bomba kwenye ufunguo. Mkono ukifika meta 0,50, nguvu ile ile inatoa 40 Nm. Buloni inaweza kunyooka au kukatika, hata kama kwa macho iko nzima. Kwa hiyo fundi wa ndege anatumia ufunguo wenye kipimo, na kitabu ndicho kinamwambia namba. Hafungi mpaka "asikie imekaza".

4. Jicho halitoshi

Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways, aina ya BAC 1-11, ilitoka Birmingham, Uingereza, kwenda Malaga, Hispania. Ilipofika meta 5.300 hivi juu, kioo cha mbele upande wa kapteni kikaruka. Hewa ikamvuta kapteni, nusu ya mwili wake ikawa nje. Wenzake wakamshika miguu, na rubani wa pili akatua Southampton. Hakuna aliyekufa.

Shida ilikuwa wapi? Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa usiku, saa 27 hivi mbele ya safari. Kilishikwa na buloni 90. Fundi alichukua buloni ya zamani, akatafuta zinazofanana nayo kwa jicho, bila kusoma namba katika kitabu cha vipande. Buloni 84 zilikuwa nyembamba kwa milimeta 0,66 hivi, na 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Tena sheria ya wakati ule haikudai mtu wa pili akague kazi hiyo.

Angalieni vizuri: huyu hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa fundi wa miaka mingi, na mazoea yake ndiyo yalimdanganya.

5. Artikle 15

Hapa kwetu tunajua Artikle 15: jitafutie, fanya na ulicho nacho. Imetusaidia kuishi, na sicheki mtu anayefunga moto yake kwa kamba ya ndala ili afike sokoni. Lakini ndege haijui Artikle 15. Moto ikizimika, unashuka na kuisukuma. Ndege ikizimika juu ya msitu wa Shabunda, utashuka wapi?

Tangu Machi 2006, mashirika ya ndege yenye cheti cha nchi yetu yako kwenye orodha ya yale ambayo Umoja wa Ulaya unakataza kuruka kwake, juu ya usimamizi usiotosha. Mafundi peke yao hawawezi kuondoa jambo hilo. Lakini bila mafundi wanaokataa kutia sahihi kazi wasiyoiona, halitaondoka.

6. Kusoma wapi?

Kinshasa, ISTA iko na sehemu ya usafiri wa anga. Soroti, Uganda, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1971. Kuna vyuo pia Nairobi, Dar es Salaam na Addis Ababa. Huko wanafundisha kwa Kiingereza, na vitabu vingi vya ndege viko kwa Kiingereza. Basi wale wanaotoroka saa ya Kiingereza na kusema "Kifaransa kinatosha" wafikiri tena.

Msingi mwingine unaweza kuanza leo bila pesa. Katika labo, andika kipimo ulichokiona, si kile jirani amepata. Rudisha kila chombo fasi yake na ukihesabu: fundi hafungi injini kama ufunguo mmoja umepotea. Usipoelewa, uliza.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Ufunguo una meta 0,30. Kitabu kinadai 24 Nm. Utavuta kwa Nyutoni ngapi?
2. Kwa nini buloni ya zamani si mfano wa kuaminika?
3. Mkubwa wako anakuambia: "Tia sahihi tu, nimekwisha kuangalia." Utamjibu nini? (Tulijadili darasani.)

Mkubwa wa wanafunzi,
Darasa la mwisho, Math-Fizika