Malkia mpya atoke kwenye mizinga yako

Mvua za Machi zikishakolea, wafugaji wa Malaba wenye mizinga miwili mitatu nyuma ya nyumba huanza kuulizia malkia wa kununua, ikiwezekana mpole wa kutoka Ulaya. Fedha hiyo ibaki mfukoni. Malkia kijana hupandwa angani na madume kumi au zaidi, na madume hao ni wa hapa hapa, wa Busia na wa Tororo, maana dume haulizwi kitambulisho akivuka Mto Malaba. Huyo mgeni akizeeka na kundi likambadilisha, bintiye atapandwa na madume wetu, na upole ulioununua utaanza kuyeyuka. Brazil ililetewa malkia wa Kiafrika mwaka 1956; makundi yakatoroka mwaka uliofuata, na kufikia 1990 uzao wao ulikuwa umeingia Texas. Ikiwa damu hiyo ilienea hivyo ugenini, kwao nani ataizuia?

Utaniambia nyuki wetu ni wakali na jirani yuko hatua chache. Kweli, lakini ukali haufanani mzinga kwa mzinga. Chukua sega lenye mayai kutoka kundi lako tulivu zaidi, ulipe kundi lililoondolewa malkia, kisha uvunje vyumba vya malkia watakavyojenga kwenye masega yao wenyewe. Na kabla ya kumlaumu malkia, hakikisha si siafu, njaa, au wewe uliyefungua mzinga jua la saa sita.

Wengine husema nyuki wanajua kujibadilishia, waachwe. Wanajua, ila malkia hulelewa kutoka buu ambaye hajapita siku tatu tangu kuanguliwa. Akifa ghafla wakati mabuu wamekwisha kukua, ujuzi wao haufui dafu. Ukame wa Januari nao chavua ni haba na madume hawatoshi, kwa hiyo wakati huo usimguse malkia anayetaga. Tena usihangaike kumtafuta kwa macho, tafuta mayai. Yakiwa moja moja katikati ya kitako cha chumba, alikuwapo siku tatu zilizopita. Yakiwa mengi chumba kimoja, yamebandikwa kwenye kuta, kuna uwezekano mkubwa wafanyakazi ndio wanaotaga. Vifuniko vilivyotuna juu ya vyumba vya wafanyakazi maana yake malkia anazaa madume matupu, na huyo ndiye wa kuondolewa mvua hizi.

Baada ya kumwondoa, malkia mpya hutoka kwenye chumba chake, kinachofanana na ganda la njugu, kwa takriban siku 12. Mayai yake hutarajiwa wiki ya nne. Vunja vile vyumba usivyovitaka siku ya nne au ya tano, kisha usifungue tena mpaka wiki hiyo ya nne. Nyuki wetu wakisumbuliwa huhama, na mzinga mtupu hauna malkia wa kubadilisha. Wiki ya tano ikipita bila yai, wape sega jingine lenye mayai. Wakiwa wamebaki wachache, waunganishe jioni na kundi lenye nguvu: kwenye mzinga wa Langstroth, tandaza karatasi moja ya gazeti hili kati ya masanduku mawili, uitoboe matundu madogo, nao wataitafuna wenyewe.