Hesabu Moja, Mashine Tofauti: Maswali na Majibu

Kwa nini programu ileile ya hesabu huenda kasi kwenye kompyuta moja na kujikokota kwenye nyingine?

Mara nyingi kinachochelewesha si hesabu, ni safari ya namba. Wakati namba moja inachotwa kutoka kumbukumbu kuu, kichakataji kingeweza kufanya mamia ya hesabu. Ndiyo maana karibu kila kichakataji cha kompyuta kina kache, kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo ndani yake. Mashine hutofautiana kwa ukubwa wa kache, idadi ya viini (sehemu zinazofanya hesabu), na namba ngapi kiini kimoja huzidisha kwa amri moja.

Mpangilio wa namba una uzito gani?

Mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua matriksi ya 1,000 kwa 1,000. Lugha ya C huhifadhi safu mlalo mfululizo. Fortran huhifadhi safu wima. Vichakataji vya Intel na AMD huchota baiti 64 kwa mkupuo, yaani namba 8 za baiti 8. Programu ya C inayopita mlalo huzitumia zote. Ikipita wima, huruka baiti 8,000 kila hatua, ikaokota namba moja katika kila mkupuo, na saba zilizobaki huweza kufutwa kwenye kache kabla ya kufikiwa: mkokoteni umejaa nyanya, ikateremshwa moja, nyingine zikamwagwa. Dawa yake ni kubadilisha tu nafasi za vitanzi viwili, yaani sehemu za programu zinazojirudia.

Na kuzidisha matriksi mbili za ukubwa huo?

Hapo kuna hesabu takribani bilioni 2, na kila namba hutumika mara 1,000. Ikishachotwa, inafaa itumike kikamilifu kabla ya kurudishwa, kwa hiyo matriksi hukatwa vitalu. Vitalu vitatu vya 32 kwa 32 (viwili vya kuzidishwa, kimoja cha jibu) huchukua baiti 24,576, vikaenea katika kache ya kilobaiti 32. Penye kache kubwa zaidi, kitalu nacho kikue. Programu ya ATLAS, iliyotoka Chuo Kikuu cha Tennessee miaka ya 1990, ilijaribu vipimo mbalimbali vya vitalu kwenye mashine yenyewe wakati wa kusakinishwa, ikachagua kilichoshinda. Mwandishi wa programu Kazushige Goto alikwenda njia nyingine: aliandika sehemu ya msingi ya hesabu kwa mkono, kichakataji kwa kichakataji, na kazi yake ikawa msingi wa OpenBLAS, maktaba ya programu za hesabu za matriksi. Kwa kazi halisi, maktaba ya namna hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Kadi ya michoro je?

Kwenye kadi za NVIDIA nyuzi 32, yaani mifuatano ya amri, hutembea pamoja. Sharti ndani ya programu likizigawa, kundi moja husubiri lingine. Kusafirisha data hadi kwenye kadi nako kuna gharama, hivyo kazi ndogo ibaki kwenye kichakataji cha kawaida.

Majibu yatafanana kila mashine?

Si hadi tarakimu ya mwisho. Kwa namba za baiti 8, 0.1 na 0.2 zikijumlishwa kwanza, kisha 0.3, jibu ni 0.6000000000000001; 0.2 na 0.3 zikitangulia, ni 0.6. Viini vingi vinapogawana jumla, mpangilio hubadilika. Kwa hiyo kiwango cha tofauti inayokubalika huwekwa kwanza, majibu yakalinganishwa nacho, ndipo kasi ipimwe.